Nyumba Yako Imehama

Jumatatu, 5 Agosti 1974

Darasa la Wachina saa kumi, kama kawaida. Chumba cha mikutano cha hospitali ya Sumbawanga, harufu ya dawa ya kusafishia sakafu. Wako watatu: Daktari Fang wa mifupa, daktari mama wa wazazi, na mzee anayechoma watu sindano nyembamba zisizo na dawa. Mkalimani wao aliitwa Dar es Salaam na hajarudi, ndiyo maana mkuu wangu wa shule akanitoa mimi niwafundishe Kiingereza. Sikuulizwa kama napenda. Sasa napenda.

Leo Fang alikuja na malalamiko. Asubuhi alimwambia mama mmoja aliyevunjika kifundo cha mguu "move". Alitaka achezeshe vidole. Nesi mgeni akatafsiri "hama". Mama wa watu akakunja kanga yake, akachukua bakuli lake, akaenda kwa mguu mmoja kukaa nje ya wodi kwenye jua. Tulicheka mpaka daktari mama akafuta machozi. Fang hakucheka. Alitaka kujua kosa ni lake au la nesi. Nikamwambia ni la neno lenyewe. Hakuridhika. Ni mtu wa kutaka kila kitu kiwe na mwenyewe.

Nimemwahidi somo zima juu ya neno hilo.

Jumatano, 7 Agosti

Nimelifundisha. Kiingereza kina uvivu hapa. Kidole kikicheza, "move". Meza ikisukumwa, "move". Mtu akifungasha vyombo akaenda kuishi kwingine, "move". Hata mtu akisikia habari na moyo ukalainika, neno ni hilo hilo. Upande wa pili wa ubao niliandika Kiswahili: kusogea, kusogeza, kuchezesha, kuhama, kuhamisha, kuguswa. Fang alinakili yote, Kiingereza na Kiswahili. Akasema kwao pia maneno ni mbalimbali. "Dong" ni mwili kutikisika. "Ban" ni kubeba nyumba. Ndivyo alivyosema, kubeba nyumba. Nikamwambia nyumba haibebwi, vinabebwa vyombo. Akaandika na hilo.

Kilichowasumbua ni pale kitendo kinapokosa mtendwa. "They moved the table." "They moved." Ya kwanza meza ndiyo iliyosogezwa. Ya pili ni wao wenyewe waliohama, kwa miguu yao na kwa kupenda kwao. Na ukitaka kusema walihamishwa na mtu mwingine, ni lazima uongeze kineno, "were". Kiswahili kinamalizana na hayo ndani ya neno moja.

Baada ya darasa, wodi ya wanaume. Baba yangu yuko kitanda cha dirishani tangu mwezi wa saba. Alikuwa anaezeka ghala la ulezi, akateleza, mfupa wa paja ukavunjika. Fang amemfunga vibao, na mfuko wa mchanga unauvuta mguu kwa kamba kwenye kapi. Amri ni moja tu, asitikisike. Kiingereza chake Baba ameshakijua. Nesi akipita na beseni, yeye humwambia, "Don't move." Kisha anacheka peke yake.

Jumamosi, 17 Agosti

Mama amekuja kutoka kwetu Katapwa. Amepanda lori la Salumu, kaka yake Zuhura. Zuhura ni mwalimu mwenzangu, tunaishi nyumba moja ya shule. Kwao wana duka mjini na lori hilo moja.

Wodini Mama alikuwa mchangamfu kupita kiasi. Alimpa Baba habari za mbuzi, za jirani, za ulezi uliopurwa. Tulipotoka nje akakaa chini kwenye majani. Watu wa wilaya wamekuja na balozi wa nyumba kumi. Katapwa yote ihame kabla ya mvua. Kijiji kipya kiko kando ya barabara ya Kasesya. Kutakuwa na bomba na shule na zahanati, wamesema. Matuta ambamo Baba alifukia majani mwaka huu, yaoze vizuri, apande msimu ujao, yatabaki huko huko mlimani.

Nikamuuliza kama watu wamekubali. Akasema hakuna aliyeulizwa.

Kisha akanishika mkono: "Baba yako asijue mpaka asimame."

Nimekubali. Sijui ningefanya nini kingine.

Jumapili, 18 Agosti

Misa. Sikumsikia padri. Mimi ndiye mwalimu wa siasa wa darasa la sita. Nimewafundisha watoto kuishi pamoja, kulima pamoja, kwa nini nyumba moja moja milimani haziwezi kupata maji ya bomba. Nililiamini nililofundisha. Nusu yake bado naiamini. Sijui niiweke wapi.

Alhamisi, 22 Agosti

Lori la Salumu limechukuliwa kwa operesheni ya kuhamisha watu. Alipewa karatasi ya mafuta na mgambo wawili wa kukaa nyuma. Zuhura analia jikoni kwa sababu ya lori. Nilimwonea hasira. Baadaye nikajua halilii lori, anamlilia kaka yake, kwamba yeye ndiye watu watakayemwona na kumlaumu. Wateja wake wote wanatoka huko milimani.

Baba leo mchangamfu. Fang alimpima mguu kwa utepe, akatikisa kichwa kwa furaha. Mfupa unashika. Baba akaniuliza kama Mama ameanza kufyeka. Nikasema ameanza.

Ijumaa, 30 Agosti

Mkuu wa shule ameniita ofisini. Jumatatu darasa la sita litakwenda kijiji kipya cha barabara ya Kasesya kuwapokea wananchi kwa nyimbo. Mimi ndiye mwalimu wa kwaya.

Nilimwambia kwamba watakaopokelewa ni watu wa kwetu. Si mtu mbaya. Akasema basi watafurahi kuniona.

Jumatatu, 2 Septemba

Tumekwenda. Tumeimba.

Vumbi tupu. Uwanja umefyekwa, vijiti vimechomekwa kwenye mistari, kila kijiti ni nyumba. Hakuna nyumba. Watoto wangu walipangwa kando ya barabara na sare zao zilizofuliwa. Lori la kwanza si la Salumu. La pili ndilo. Niliinua mikono, watoto wakaanza.

Mama aliteremka nyuma akiwa na kuku kwapani. Mgambo mmoja alimteremshia mlango wa nyumba yetu. Mlango wenyewe, mbao na bawaba zake. Mama akausimamisha, akaushikilia usianguke, akatazama huku na huku kama mtu anayetafuta ukuta wa kuuegemeza. Akaniona. Hakuniita. Aliinamisha macho kana kwamba yeye ndiye aliyekosa.

Sikushusha mikono. Ningeishusha, watoto wangenyamaza, na afisa alikuwa amesimama karibu yangu anapiga makofi. Beti zote. Wimbo ulipoisha niliwapa mwingine.

Salumu alikaa kwenye usukani, vioo vimefungwa, na joto lile. Baadaye alinifuata nyuma ya gari. Akasema, "Dada, niliwaambia wangoje nimalize kupakia vyombo." Nilijua maana yake. Mapaa yameshushwa ili mtu asirudi. Kwetu paa limechomwa, ghala nalo, lile lililomvunja Baba.

Niliruhusiwa kwenda kwa Mama kwa muda mfupi. Nikamfungia kamba kwenye vijiti vyake ajikinge jua kwa kanga. Alinisifu kwamba watoto wanaimba vizuri.

Jumanne, 3 Septemba

Wodini. Baba ameota ndoto, ameniambia yote. Nimeshaisahau. Nilikuwa naangalia midomo yake tu. Nikamnyoa ndevu. Nikamkata kidogo kidevuni, akasema haina neno.

Jumatano, 4 Septemba

Darasa. Walikuja wawili, mzee wa sindano ana homa. Kisha daktari mama akaitwa, kuna uzazi mgumu. Nikabaki na Fang. Tulirudia vitendo vya wiki zilizopita. Alifika kwenye "move", akaniomba sentensi mpya, si ya kitabuni. Meza amechoka nayo.

Niliandika ubaoni, "They moved my mother."

Aliisoma. Akauliza, kwa Kiingereza chake cha polepole, kama nina maana waliugusa moyo wa mama yangu. Nikasema hapana. Akauliza kama waliubeba mwili wake. Nikasema ndiyo, na huo pia. Ndipo nikamwambia lote. Sijui kwa nini yeye. Labda kwa sababu ni mgeni na maneno yake ni machache, hayawezi kufika mbali. Nikamwambia nyumba imechomwa, mama analala kwenye vijiti, baba hajui. Hilo la mwisho lilinitoka haraka, kwa Kiswahili, sijui kama alilishika.

Nikafuta ubao haraka.

Alikaa akitazama mikono yake. Nikamuuliza kama kwao watu huhamishwa. Akasema, "My mother also." Akafunga kitabu. Mlangoni akaniuliza kwa Kiswahili nyumba kuhama inasemwaje, ukitaka kumpa mtu pole. Sikuwa na akili ya kusahihisha. Nikamwambia nyumba imehama.

Jumapili, 8 Septemba

Nimetoka misa, nimepita na uji wa ulezi. Fang alikuwa zamu. Akaja mpaka kitandani, akaushika mkono wa Baba kwa mikono yake yote miwili, akainama kidogo. Akasema polepole, kila neno mahali pake:

"Pole, mzee. Nyumba yako imehama."

Baba alicheka. Alidhani ni yale yale ya yule mama aliyehamia juani, niliyemsimulia. Akanigeukia tucheke pamoja.

Sikuweza kucheka.

Akaniuliza, "Imehamia wapi?"

Nilimwambia. Kwa Kifipa, polepole, nikishika kikombe cha uji. Ghala. Paa. Mbuzi walioletwa na waliopotea. Mama yuko kando ya barabara ya Kasesya na ni mzima. Fang alikuwa bado amesimama anatabasamu kwa huruma, anasubiri aone kama amesema sawasawa. Alipoona uso wa Baba, tabasamu likamwisha kidogo kidogo.

Baba aliuliza jambo moja tu, nimejua tangu lini. Nikasema tangu kabla. Akageuza kichwa dirishani. Uji haukunywewa.

Jumatatu, 9 Septemba

Nimeitwa nikiwa darasani, somo la hesabu. Wakati manesi wanakabidhiana zamu, Baba alifungua kamba mwenyewe, akafungua vibao kimoja kimoja akavipanga vizuri kitandani, akashuka. Alifika mlango wa wodi. Hapo akaanguka.

Nilimkuta sakafuni, hawakuthubutu kumgusa kabla ya Fang. Hakuwa analia. Aliniambia, "Nakwenda kuona tu."

Mfupa umeachana pale pale ulipokuwa umeshika.

Fang alimrudishia mguu mwenyewe, jasho linamtiririka puani. Mzee wa sindano alimchoma Baba sikioni na mkononi kupunguza maumivu. Nilishika bega lake. Sikuwa na la kufanya ila kushika bega.

Jumanne, 10 Septemba

Namchukia Fang. Simchukii. Namchukia Salumu, na Salumu hana kosa. Namchukia afisa aliyepiga makofi, naye kesho anaweza kupelekwa mkoa mwingine bila kuulizwa. Nikizunguka hivi namrudia Mama na neno lake, na mimi na kukubali kwangu. Nimechoka kuzunguka.

Fang alinisubiri getini. Aliuliza neno gani lilikuwa baya. Nikamwambia maneno yalikuwa sahihi, ila hilo moja nililompa vibaya. Nyumba haikuhama. Akauliza imefanya nini. Nikamwambia imechomwa. Akarudia "imechomwa, imechomwa" mara kadhaa, kama anayejifunza.

Jumatano, 18 Septemba

Darasa la mwisho. Mkalimani mpya ameletwa, kijana mwenye miwani. Mkuu wa shule amesema kazi yangu imekwisha, na ofisini wamesema asante. Pia akanishauri, kwa sauti ya chini, kwamba katika kufundisha ni vizuri kutumia mifano ya kitabuni. Nani amemwambia, sijui. Siku ile ya sentensi yangu daktari mama alikuwa ametoka. Mlango ulikuwa wazi, na sauti yangu ni ya mwalimu.

Nikasema nimeelewa.

Jumamosi, 5 Oktoba

Kila siku Fang anapita kwa Baba kabla ya wagonjwa wengine. Anasema "samahani". Baba anajibu "asante, daktari". Basi. Manesi wameshazoea, wanaona ni salamu yao.

Baba anakula kidogo. Hatanii mtu. Hajaniuliza tena chochote juu ya Katapwa. Nakaa na kazi za wanafunzi nasahihisha kando ya kitanda chake, saa zangu za kuangalia wagonjwa zinaisha, naondoka.

Jumatano, 23 Oktoba

Mama amejenga. Yaani ukuta wa fito na udongo, na paa nusu. Majirani wa mstari wake ni watu wa vijiji vitatu tofauti, hawajuani. Bomba bado. Wanachota maji mtoni, mbali kuliko Katapwa. Zahanati ni kijiti. Shule imeanza kweli, chini ya turubai, na watoto ni wengi, na mwalimu mmoja kijana anafundisha kwa bidii mpaka sauti imemkauka. Nililiona hilo pia. Naandika kwa sababu ni kweli.

Mlango haukutosha kwenye fremu mpya. Ameulaza kwenye vigogo, ndio kitanda chake.

Jumanne, 19 Novemba

Baba ametoka hospitali. Mfupa umeunga, lakini mguu umefupika. Atatembea na magongo. Fang alinieleza hivyo mbele ya mkalimani mpya, kisha akamwomba kijana atoke, akanieleza tena mwenyewe. Alitaka nisikie kwake. Akasema shamba hapana. Kupanda mlima hapana. Nikamwambia kule alikokwenda Mama hakuna mlima. Akatikisa kichwa kana kwamba hiyo ni habari njema, kisha akaelewa.

Salumu alikuja na lori, amerudishiwa. Hakutaka chochote. Alimbeba Baba mwenyewe mpaka mbele, akamfungulia kioo. Njiani Baba akasema tupitie Katapwa. Salumu aliniangalia. Ni kupinda njia, na mafuta ni ya kuhesabu siku hizi. Akapinda.

Tulifika mchana. Kuta zimesimama bila paa, nyeusi kwa juu. Majani yameanza kuota ndani ya nyumba yetu. Mahali pa ghala pana mduara wa majivu yaliyogandishwa na manyunyu. Lakini shambani matuta yake yalikuwa yamekaa vilevile, mviringo, mistari kwa mistari mpaka mteremkoni. Yamelainika. Yanangoja mbegu.

Salumu akazima gari, akateremka amshushe. Baba hakunyoosha mkono. Alitazama. Salumu alisimama pale chini na mlango uko wazi, anaangalia viatu vyake. Nikasikia akisema kwa sauti ndogo, "Mzee, mimi ndiye niliyepakia vyombo." Baba akamjibu kwamba alishajua ndilo gari lenyewe tangu kwenye ngazi za hospitali.

Kisha akasema, "Twende, mama yako atakuwa amepika."

Mama alikuwa amepika. Alitoka mbio, akasimama ghafla alipoona magongo. Akachukua moja, akalishika, akasema ni mti mzuri, ni mninga. Wakaingia ndani.

Nilirudi mjini na Salumu. Tulifika taa za Sumbawanga zimeshawaka.

Jumapili, 1 Desemba

Nimekwenda kuwaona. Mama alikuwa shambani na wenzake wa mstari, wanapanda kwenye ardhi ngumu. Baba alikuwa amekaa kizingitini, mgongo kwenye ukuta, mguu mbaya umenyooshwa nje juu ya gunia. Alikuwa amelala. Mwanamke wa nyumba ya jirani, simjui, alikuwa amemwekea kikombe cha maji karibu na mkono.

Nikakaa. Sikutaka kumwamsha.

Mvua ilianza bila upepo, matone makubwa, harufu ya vumbi. Watu walikimbilia ndani kila mlango. Maji yakaanza kumpiga unyayoni. Hakuamka. Nikahamia upande wa nje, nikakaa na mgongo kwenye mvua, miguu yake ikawa kwenye kivuli changu. Gauni likaniganda. Baridi kiasi. Nikakaa hivyo mpaka lori la Salumu la kunirudisha mjini lilipopiga honi barabarani, na bado sikuinuka.